Kusikia SSB kwa redio uliyoiunda mwenyewe: mwongozo kamili wa kipokezi cha mita 40

Malalamiko ni yale yale. Redio imewaka, mvumo wa anga unasikika, watu wa redio ya ridhaa wanapita, lakini sauti zao zinatoka kama za bata aliyekabwa. Ukifanikiwa kumshika mmoja, ndani ya dakika anateleza na kupotea. Hapo mtu anabadilisha IC ya miksa (inayochanganya mawimbi ya antena na ya redio yenyewe), haisaidii, anabadilisha tena, kisha mradi wote unaishia kabatini.

Mara nyingi miksa haina kosa lolote. Kosa ni osileta, sehemu inayotengeneza wimbi ndani ya redio, inayohama, au ni mpangilio wa kazi wenyewe: kila kitu kimelehemiwa siku moja, kimewashwa, na sasa hakuna ajuaye pa kuanzia kutafuta. Mwongozo huu unaanzia kwenye hedifoni na kurudi nyuma kuelekea antena. Usiguse hatua inayofuata kabla hatua uliyopo haijapita kipimo chake.

## Elewa unachokitafuta

Anayerusha kwa SSB (single sideband, yaani upande mmoja) huliondoa wimbi linalobeba sauti, na huondoa pia upande mmoja wa sauti yenyewe. Kinachokufikia ni upande uliobaki, peke yake. Redio yako ndiyo inayopaswa kulitengeneza upya wimbi lile lililoondolewa, na kuliweka mahali pale pale lilipokuwa. Ukikosea kwa Hz 50, msemaji anasikika kama ana mafua kidogo. Ukikosea kwa Hz 500, maneno hayashikiki.

Hz 50 katika Hz 7,100,000 ni kama sehemu 7 katika kila milioni. Koili iliyoshikwa na uzi, kapasita ya bei rahisi, au upepo wa feni vinatosha kuharibu kiwango hicho. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kipokezi hiki kinageuza masafa ya redio kuwa sauti moja kwa moja, bila masafa ya kati. Osileta inakaa kwenye masafa yale yale ya stesheni. Afrika Mashariki tuko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa hiyo bendi ya mita 40 ni kuanzia 7.000 hadi 7.200 MHz, na kwa desturi sauti hapo hurushwa kwa upande wa chini, LSB.

## Vifaa

Umeme:
- Betri ya volti 9, au betri kavu 6 za volti 1.5 zilizofuatana. Ukitumia betri ya sola ya volti 12, ongeza IC ya 7809 inayoushusha umeme hadi volti 9.
- 78L05 moja, IC inayotoa volti 5 tulivu.

Sauti:
- LM386 moja na NE5532 moja, zote IC za kukuza sauti.
- Volyumu ya 10 kΩ.
- Rezista: 10 Ω, 47 Ω, 100 Ω, 10 kΩ (sita), 220 kΩ (mbili).
- Kapasita: 330 pF (mbili), 4.7 nF, 10 nF, 22 nF, 47 nF, 100 nF (tano au zaidi), 1 µF (tatu), 10 µF (mbili), 47 µF, 100 µF (mbili), 220 µF.
- Dayodi 1N4148 mbili.
- Hedifoni, na soketi yake.

Osileta na miksa:
- SA612 moja, IC yenye miksa na osileta pamoja. NE602, SA602 na NE612 zina miguu ile ile, yoyote inafaa.
- Pete ya toroidi T50-6, yenye rangi ya njano. Kwa redio nzima unahitaji tatu.
- Kapasita za aina ya C0G, zisizobadilika sana kwa joto, ambazo pia huandikwa NP0: 4.7 pF, 150 pF, 270 pF, 470 pF (mbili).
- Trima (kapasita ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) ya 5–30 pF.
- Gengi (kapasita ya kuzungusha ya kutafutia stesheni) ndogo ya plastiki kutoka redio ya mfukoni ya AM/FM.
- Dayodi 1N4007, rezista 100 kΩ, volyumu ya 10 kΩ.

Kichujio cha antena:
- Kapasita 82 pF mbili na 3.3 pF moja, zote C0G, na 10 nF moja ya kawaida.
- Trima mbili za 5–60 pF.
- Volyumu ya 1 kΩ.

Mengineyo: bodi ya shaba tupu isiyochorwa, waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.3 na mm 0.5, mita yenye kipimo cha kapasita, na redio yoyote ya mawimbi mafupi inayofika 7 MHz, ambayo tutaitumia kama kifaa cha kupimia.

Waya wenye vanishi usihangaike kuuagiza. Mafundi wanaosuka mota wana mabaki ya unene wa kila aina. Kama maduka ya Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi) hayana toroidi, ziagize mtandaoni pamoja na SA612. LM386 bandia ni nyingi sokoni, kwa hiyo nunua mbili.

## Kabla ya kulehemu

Usijenge redio hii kwenye bredibodi ya matundu. Mistari yake ina kapasita yake yenyewe ya pF kadhaa, na hiyo hubadilika kila ukigusa waya. Kwa LM386 peke yake inavumilika; kwa osileta ya 7 MHz hapana.

Tumia bodi ya shaba tupu. Shaba yote ni ardhi, yaani upande wa hasi wa betri. IC inalazwa chali, miguu juu. Mguu unaokwenda ardhini unakunjwa na kulehemiwa kwenye shaba, na vifaa vingine vinaning'inia kati ya miguu. Haipendezi machoni, lakini njia za ardhi zinakuwa fupi, na ufupi huo ndio unaozuia milio isiyotakiwa. Kumbuka tu kwamba IC ikiwa chali, miguu inahesabiwa kinyume cha mchoro. Weka alama ya kalamu kwenye mguu wa 1 kabla ya kuanza.

Panga bodi kwa mstari: antena mwisho mmoja, hedifoni mwisho mwingine.

## Hatua ya 1: Kikuza sauti cha mwisho

Anza na LM386.

Mguu wa 4 na wa 2 nenda ardhini. Mguu wa 6 nenda volti 9, ukiwa na 100 µF na 100 nF kwenda ardhini, zote zimebana kwenye IC. Kati ya mguu wa 1 na wa 8 weka 10 µF, chanya ikiwa upande wa 1; hii inapandisha ukuzaji kutoka mara 20 hadi mara 200. Mguu wa 7 weka 10 µF kwenda ardhini. Mguu wa 5 una njia mbili: 10 Ω ikifuatana na 47 nF kwenda ardhini, na 220 µF ikifuatana na 47 Ω kwenda hedifoni. Volyumu ya 10 kΩ: upande mmoja ardhini, mguu wa kati kwenye mguu wa 3, upande wa juu uache wazi kwa sasa.

Zile 10 Ω na 47 nF wengi huziruka kwa kuona hazina kazi. Bila hizo LM386 inaweza kuimba yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii, ikapata moto na kujaza redio nzima kelele.

Kwenye soketi ya hedifoni unganisha masikio yote mawili pamoja. Kisha weka zile 1N4148 mbili sambamba na hedifoni, moja ikielekea huku na nyingine kule. Redio hii haina kidhibiti cha kupunguza sauti chenyewe, na stesheni yenye nguvu au radi ya karibu inaweza kukuumiza. Dayodi hizo zinakata kilele kwenye volti 0.6 hivi.

Onyo. LM386N-1 imepangiwa mwisho wa volti 12. Betri ya sola inayochajiwa inafika volti 14, kwa hiyo pitisha 7809 kwanza.

Kipimo. Washa. Umeme unaotumika usizidi mA 8, na mguu wa 5 uwe karibu na volti 4.5. Gusa upande wa juu wa volyumu kwa bisibisi huku kidole kikigusa chuma chake: usikie mvumo unaopanda na kushuka kwa volyumu. Volyumu ikiwa sifuri, kuwe na mchemko mdogo tu.

## Hatua ya 2: Kikuza cha kwanza na kichujio cha sauti

Miksa inatoa sauti kwenye miguu miwili iliyo kinyume. Michoro mingi rahisi hutumia mmoja na kuuacha mwingine. Tutaichukua yote miwili, kwa sababu vurugu inayoingia sawa kwenye miguu yote, kama mvumo wa umeme, inafutika.

Kwanza tengeneza nusu ya umeme: rezista mbili za 10 kΩ zifuatane kati ya umeme na ardhi, na katikati weka 47 µF kwenda ardhini. Mahali hapa tupaite N. Umeme wa NE5532 upitishe kwenye 100 Ω, na baada yake weka 100 µF na 100 nF kwenda ardhini. Usiiruke rezista hii. Ukuzaji wa redio nzima utakaribia desibeli 90, na bila hiyo sauti ya LM386 inarudi mwanzoni kupitia waya wa umeme, redio ikaanza kutoa mlio wa pikipiki.

NE5532: mguu wa 8 umeme, wa 4 ardhi.

Nusu ya kwanza inapokea miguu miwili ya miksa. Ingizo la kwanza linapita 1 µF na 10 kΩ hadi mguu wa 2. Ingizo la pili linapita 1 µF na 10 kΩ hadi mguu wa 3. Kati ya mguu wa 2 na wa 1 weka 220 kΩ sambamba na 330 pF. Kati ya mguu wa 3 na N weka pia 220 kΩ na 330 pF.

Nusu ya pili ni kichujio. Kutoka mguu wa 1 weka 10 kΩ, kisha 10 kΩ nyingine hadi mguu wa 5. Kwenye kiungo cha rezista hizo mbili weka 10 nF kwenda mguu wa 7. Mguu wa 5 weka 4.7 nF kwenda ardhini. Miguu ya 6 na 7 iunganishe pamoja. Kutoka mguu wa 7 weka 1 µF hadi upande wa juu wa volyumu.

Kichujio hiki kinakata juu ya Hz 2,300 hivi. Sauti ya mtu kwenye SSB inakaa takriban kati ya Hz 300 na Hz 2,700, kwa hiyo tunapoteza ukali kidogo wa herufi kama s. Napendelea hivyo: bendi ikijaa usiku, kila Hz unayoiacha juu ni mlango wa stesheni ya jirani.

Kipimo. N, mguu wa 1 na mguu wa 7 vyote viwe karibu na volti 4.5. Gusa ingizo moja kwa bisibisi, volyumu ikiwa robo: mvumo uwe mkubwa sana kuliko wa hatua ya 1. Ukiacha kugusa, ukimya urudi. Redio ikipiga filimbi au kunguruma bila kuguswa, irekebishe sasa hivi. Mara nyingi tiba ni kufupisha waya za ardhi.

## Hatua ya 3: Osileta

Hapa ndipo SSB inapopatikana au kukosekana. Jipe siku nzima.

Koili. Kwenye T50-6 suka mizunguko 20 ya waya wa mm 0.5, ukiisambaza katika robo tatu ya pete. Kila waya unapopita ndani ya pete ni mzunguko mmoja. Kosa la mzunguko mmoja hapa linakuhamisha zaidi ya kHz 300. Koili hii ina kama 1.6 µH. Ikaze sana, kisha ifunge kwa rangi ya kucha isiyo na chembe za kung'aa, tabaka mbili, na uiache ikauke usiku kucha. Waya ukilegea, kila mlango ukifungwa utausikia.

Usichukue pete nyekundu ya T50-2 kwa sehemu hii. Pete nyekundu hubadilika kwa joto karibu mara tatu ya njano.

Huna toroidi? Suka mizunguko 8 kwenye kipande cha paipu ya waya za umeme ya mm 20, iliyoenea urefu wa mm 7. Thamani yake ni karibu ile ile. PVC inatanuka kwa joto, kwa hiyo utarekebisha mara nyingi zaidi, lakini utasikia.

Kapasita. C0G nzuri huruhusiwa kubadilika hadi sehemu 30 katika milioni kwa kila digrii. Kwa 7.1 MHz hiyo ni kama Hz 100 kwa digrii moja ya joto. Hiyo ndiyo nzuri! Vile vidonge vya kahawia vya kawaida ni vibaya mno, na hakuna ufundi wa kulehemu utakaoviokoa. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu chenye ubora, kinunue hapa.

Gengi. Gengi ya AM/FM ina sehemu kubwa za AM na sehemu ndogo za FM. Ipime kwa mita ikiwa imefungwa kabisa: sehemu ya FM itasoma karibu na 20 pF, za AM zaidi ya 60 pF. Tumia sehemu moja ya FM. Badiliko la pF 16 hadi 18 linatosha kutupitisha karibu bendi nzima. Mguu wake wa kati, unaoshikana na shina, uende ardhini, la sivyo mkono wako ukikaribia kitufe stesheni itahama.

Kuunganisha. SA612: mguu wa 3 ardhi, mguu wa 8 kwenye volti 5 za 78L05, ukiwa na 100 nF. Weka 100 nF pia kwenye ingizo na tokeo la 78L05. Kati ya mguu wa 6 na wa 7 weka 470 pF. Mguu wa 7 kwenda ardhini weka 470 pF ya pili. Kutoka mguu wa 6 weka 270 pF hadi mahali tutakapopaita K. Kati ya K na ardhi weka, sambamba: koili, 150 pF, trima ya 5–30 pF na gengi.

Kwa kurekebisha kidogo kidogo: kutoka K weka 4.7 pF hadi upande wa mstari mweupe wa 1N4007. Upande wake mwingine ardhini. Kwenye kiungo cha 4.7 pF na dayodi leta 100 kΩ kutoka mguu wa kati wa volyumu ya 10 kΩ, iliyounganishwa kati ya volti 5 na ardhi. Dayodi inayonyimwa njia inafanya kazi kama kapasita ndogo inayobadilika kwa volti. Itakupa mwendo wa kHz 5 hivi. Gengi peke yake inaruka karibu kHz 1 kwa kila digrii ya mzunguko, na hakuna vidole vinavyoweza kusimama hapo.

Kipimo cha kwanza. Weka redio ya mawimbi mafupi kando, kwenye 7.1 MHz, na uzungushe trima polepole. Osileta inapopita, mchemko wa redio ile unazimika ghafla na kuwa kimya kizito. Funga gengi kabisa, kisha rekebisha trima mpaka kimya kiwe 7.000 MHz. Ukifungua gengi kabisa, kitakuwa karibu na 7.18.

Hakuna kimya popote? Weka 22 kΩ kutoka mguu wa 7 kwenda ardhini ili kuipa osileta nguvu zaidi. Ikiwa iko mbali na bendi, bana au tawanya mizunguko ya koili kabla ya kubadilisha kapasita.

Kipimo cha pili, kisichorukwa. Hiki utakifanya baada ya hatua ya 4, sauti ikiwa imeunganishwa. Acha redio iwake dakika 15. Sogeza trima kwa muda ili ufike juu kidogo ya 7.2 MHz, zilipo stesheni za utangazaji, ukamate mlio wa wimbi la mojawapo. Fungua programu ya kupimia gita kwenye simu, soma Hz, kisha soma tena baada ya dakika 5. Ikihama chini ya Hz 50, umefaulu. Ikihama Hz mia kadhaa, funga osileta ndani ya kopo la bati lililolehemiwa kwenye ardhi, iondoe karibu na LM386 na 7809, na ukague kama kuna kapasita isiyo C0G iliyojipenyeza.

Wenye mazoea na Arduino wanaweza kuruka yote haya kwa moduli ya Si5351, inayotengeneza masafa kidijitali. Ondoa K na kila kilichoshikana nayo, pamoja na zile 470 pF. Pitisha tokeo la moduli kwenye 1 kΩ, kisha 100 Ω kwenda ardhini, na kutoka kiungo chao weka 10 nF hadi mguu wa 6. Bila rezista hizo volti 3.3 zitaizamisha miksa. Masafa hayatahama, ila utapata vimilio vichache vya kidijitali hapa na pale.

## Hatua ya 4: Kuunganisha miksa na sauti

Kati ya mguu wa 4 na wa 5 wa SA612 weka 22 nF. Hii inashirikiana na rezista zilizomo ndani ya IC kuondoa masafa ya juu kabla hayajakuzwa. Kisha mguu wa 4 uende ingizo moja la hatua ya 2, mguu wa 5 uende lingine. Lipi kwa lipi haijalishi.

Kipimo. Mguu wa 4 na wa 5 viwe na volti sawa, pungufu ya 5. Mguu wa 1 na wa 2 vyote karibu na volti 1.4. Gusa mguu wa 1 kwa waya wa mita moja: usikie mchanganyiko wa stesheni na mvumo. Ni fujo, lakini ni fujo ya redio.

## Hatua ya 5: Kichujio cha antena

Bila kichujio, matangazo makubwa ya mawimbi mafupi yanavamia. Kanda yetu ina utangazaji kuanzia 7.2 MHz kwenda juu, umegusana kabisa na bendi yetu.

Suka pete mbili za T50-6, kila moja mizunguko 33 ya waya wa mm 0.3. Kila koili weka sambamba na 82 pF na trima ya 5–60 pF, upande mmoja ardhini. Pande za juu za koili hizo mbili ziunganishe kwa 3.3 pF. Usiongeze thamani hii ukidhani utapata nguvu zaidi. Utapata kichujio kipana chenye nundu mbili.

Kwenye pete ya kwanza ongeza mizunguko 3 ya kuingizia, upande wa ardhi wa koili. Antena iingie juu ya volyumu ya 1 kΩ, upande wa chini wa volyumu ardhini, na mguu wa kati uende kwenye mizunguko hiyo 3. Kwenye pete ya pili ongeza mizunguko 16: ncha moja mguu wa 1 wa SA612, ncha nyingine mguu wa 2. Mguu wa 2 weka 10 nF kwenda ardhini.

Onyo. Mguu wa 1 na wa 2 visiguse ardhi moja kwa moja. Vina volti zao za ndani, na ukivizima miksa inazimika.

Kipimo. Weka gengi kwenye 7.1 MHz na antena mahali pake. Zungusha trima mbili kwa zamu mpaka mvumo uwe mkubwa kabisa. Ukichomoa antena, mvumo ushuke waziwazi. Kama husikii tofauti, redio bado ni kiziwi: hesabu tena mizunguko.

## Hatua ya 6: Antena na kusikiliza

Waya wa mita 20 hivi, ukipita kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, unatosha kuanza. Ukitaka bora, kata vipande viwili vya mita 10, vilishe katikati kwa kebo ya koaksia. Usiuvushe waya juu wala chini ya nyaya za umeme, na mvua ikianza kutanda chomoa antena.

Mchana mita 40 inabeba sauti kilomita mia chache, na huku kwetu wanaorusha si wengi. Saa saba mchana unaweza kukuta kimya kitupu, usifungue redio. Jua likishazama, kuanzia saa moja usiku, Ulaya, Uarabuni na Asia zinaanza kuingia.

Nenda kwanza 7.074 MHz. Hapo wapo watu wa FT8, ujumbe wa kidijitali unaorushwa kwa kompyuta, karibu saa zote: vimilio vingi kwa pamoja vinavyodumu kama sekunde 13, kimya kifupi, kisha vinaanza tena kila sekunde 15. Ukivisikia, redio yako ni nzima na umejua uko wapi kwenye bendi. Kisha panda hadi 7.130 na zaidi kutafuta sauti.

Kuna namna ya kumshika mtu wa LSB. Mfikie kutoka juu, ukishuka. Osileta ikiwa juu kidogo ya mahali pake, sauti inakuwa nyembamba kama ya katuni. Kadiri unavyoshuka inazama mpaka iwe ya mtu. Simama hapo, maliza kwa volyumu ya dayodi. Ukimfikia kutoka chini, utakutana na upande uliogeuzwa, ambapo sauti nene zimekuwa nyembamba na nyembamba nene. Hapo hata uzungushe vipi hutapata neno, na ndipo wengi wanapohitimisha kuwa miksa mbovu. Kwenye mita 20, ambako hutumika USB, yaani upande wa juu, kanuni hii inageuka.

Sauti ikikwaruza, punguza volyumu ya antena kabla ya volyumu ya sauti.

## Dalili na mahali pa kuangalia

Stesheni ya utangazaji inasikika popote uzungushapo gengi. Miksa imezidiwa. Punguza volyumu ya antena, kisha rekebisha upya trima za kichujio.

Mvumo wa umeme unaokuja na kuondoka unapozungusha gengi, na haupo ukitumia betri. Osileta inavuja hadi kwenye adapta ya ukutani na kurudi ikiwa na mvumo. Kubadilisha kapasita hakutasaidia, tumia betri.

Kelele kali kila baada ya kHz kadhaa. Zima taa za LED, chaja za simu na kidhibiti cha sola, kimoja baada ya kingine, ukisikiliza. Kidhibiti cha sola ndicho msumbufu mkubwa mchana, kichomoe unaposikiliza.

Sauti inatetemeka msemaji anapopaza sauti. Umeme wa osileta unayumba na LM386. Pima volti kwenye mguu wa 8 wa SA612 huku sauti ikiwa kubwa. Ikitikisika, betri imechoka au 78L05 haipati volti za kutosha.

Ukigonga meza unasikia mlio wa kengele. Kidogo ni kawaida kwa kipokezi chenye ukuzaji mwingi wa sauti namna hii. Ukizidi, kuna waya unaoning'inia karibu na K: ufupishe, au uushikize kwenye bodi kwa tone la gundi ya moto.